KAZI ZA NJE KATIKA JOTO LA KASKAZI: WAJIBU WA MSIMAMIZI

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa Unguja mbele ya wakuu wa vitengo, wasimamizi wa kazi za nje na masheha. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya watumishi wa Serikali na wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya kufanya kazi za nguvu nje wakati wa joto la kaskazi. Naelewa kuwa wapo watakaoona jambo hili si la kuitia watu mkutano. Joto la visiwa vyetu si geni. Wazee wetu walilima, walichimba mawe, walichoma chokaa na walipakua majahazi katika miezi hii hii. Hayo ni kweli. Lakini wazee hao walianza kazi baada ya sala ya alfajiri, wakapumzika jua lilipokuwa utosini, wakarejea alasiri. Sisi tumeichukua kazi yao tukaifunga kwenye saa za ofisi, kisha tukamwachia mfanyakazi avumilie mwenyewe. Shabaha ya mazungumzo yangu ni kuonyesha kwamba madhara ya joto kazini huzuiliwa na yule anayepanga kazi kabla ya yule anayeifanya.

Kwanza tuelewe joto lenyewe. Kuanzia Disemba hadi Machi hewa yetu mchana hufika nyuzi 31, 32 au 33 za Sentigredi kivulini. Kwa hesabu hiyo pekee, sisi si watu wa joto kali. Wenzetu wa majangwani huona nyuzi 42 na zaidi. Tatizo letu ni unyevunyevu. Msuli unapofanya kazi, robo moja tu au pungufu ya nguvu inayotumika ndiyo inayogeuka kuwa kazi. Iliyobaki yote hugeuka joto ndani ya mwili. Mtu anayechimba mtaro kwa sururu ni kama tanuri linalotembea, na joto hilo lazima litoke. Hewa inapokaribia joto la ngozi, ambalo ni kiasi cha nyuzi 35, njia kubwa inayobakia ni jasho. Na jasho halipozi mwili kwa kutiririka. Hupoza kwa kukauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoa kiasi cha kilokalori 580 za joto. Lita hiyo hiyo ikidondoka chini haiondoi takriban kitu chochote. Hewa iliyokwisha kujaa unyevu haina nafasi ya kupokea jasho letu. Ndiyo sababu katika siku za tangambili, kaskazi inapolegea na masika hayajaingia, upepo ukasita na fukuto likatanda, mtu hulowa chapachapa na bado anaungua ndani. Isitoshe, mwanzoni mwa Machi jua la mchana hutupitia utosini.

Jambo hili limepimwa zamani. Mwaka 1905 mtaalamu wa Uingereza, J. S. Haldane, aliyechunguza migodi ya Cornwall yenye joto na unyevu, alionyesha kwamba kinachoamua kama mwili utazidiwa ni kipimajoto ambacho tumbu yake imefungwa kitambaa kibichi, wala si kile kikavu tunachotundika ukutani. Kipimo hicho cha kibichi kilipopita nyuzi 31 hivi, joto la mwili lilianza kupanda hata kwa mtu aliyekaa bila kazi. Na katika miaka ya 1950, jeshi la Marekani lilipokuwa likipoteza vijana waliokuwa wakifunzwa katika kisiwa cha Parris Island, jimbo la South Carolina, ambako kiangazi ni cha joto na unyevu kama huku kwetu, wataalamu walitunga kipimo kinachotumika duniani hadi leo. Huchukuliwa sehemu saba katika kumi kutoka kipimajoto kibichi, sehemu mbili kutoka kipimajoto kilichotiwa ndani ya tufe jeusi lililowekwa juani, na sehemu moja tu kutoka kipimajoto cha kawaida.

Nitoe mfano wa hesabu, kwa sababu unafungua macho. Tuseme kwetu saa 7 mchana mwezi wa Februari kipimajoto kibichi kinasoma 27, tufe jeusi 45 na hewa 32. Sehemu saba za 27 ni 18.9; sehemu mbili za 45 ni 9; sehemu moja ya 32 ni 3.2. Jumla ni 31.1. Sasa tuseme jangwani kibichi kinasoma 22, tufe 52 na hewa 42. Jumla yake ni 30. Yaani mahali ambapo hewa imetuzidi kwa nyuzi kumi, mwili wa mchimbaji una nafuu kidogo kuliko wa mwenzake wa Unguja. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, mtu aliyekwisha kuzoea joto akifanya kazi nzito mfululizo, kipimo hicho kisizidi 26. Kazi ya wastani 28. Kazi nyepesi 30. Kwa hiyo katika mfano wetu hata kazi nyepesi haifai kufanywa mfululizo bila ya mapumziko. Sisemi kwamba kazi isimame Zanzibar nzima kuanzia Disemba hadi masika. Nasema kwamba saa 7 mchana si saa ya kupiga sururu.

Nchi za Ghuba, ambako jamaa zetu wengi wanaishi na kufanya kazi, zimelitungia jambo hili kanuni. Oman huzuia kazi za nje kati ya saa 6:30 na saa 9:30 mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Qatar iliongeza muda wa katazo lake mwaka 2021; sasa ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na zaidi ya hapo kazi husimama wakati wowote kipimo nilichokieleza kikipita 32.1. Kanuni hizo hazikuja kwa wepesi, zilikuja baada ya malalamiko mengi na maisha ya watu. Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, inayomtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pawe salama. Haifai msimamizi angoje sheria imtajie saa kwa saa ndipo atambue kwamba jua ni sehemu ya mahali pa kazi.

Sasa niingie katika jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote, nalo ni mtu mgeni kazini. Uchunguzi wa vifo vya joto katika kazi za nje nchini Marekani umeonyesha kwamba kati ya nusu na asilimia 70 hutokea katika siku chache za mwanzo za kazi. Hawa si wazee wala wagonjwa peke yao. Wengi ni vijana wenye nguvu, waliofika jana, wanaotaka msimamizi awaone. Mwili huhitaji siku saba hadi kumi na nne za kufanya kazi ndani ya joto ndipo ujifunze: moyo upunguze mapigo, damu iongezeke maji, jasho lianze mapema, liwe jingi na lisipoteze chumvi nyingi. Wenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini walilitambua hili baada ya vifo vya wachimbaji tangu miaka ya 1920, wakaanza kuwaingiza wageni kazini kidogo kidogo.

Mara nyingi huambiwa: "Sisi tumezaliwa humu, tumezoea." Kuzoea kukaa katika joto si sawa na kuzoea kubeba zege katika joto. Kijana aliyemaliza skuli akakaa barazani miezi sita, ni mgeni. Karani aliyehamishiwa kwenye kikosi cha kupima barabara, ni mgeni. Fundi hodari aliyelala na homa wiki mbili akarudi, naye amekuwa mgeni, kwa sababu mazoea hayo huanza kupotea baada ya wiki moja tu ya kukaa kando. Kanuni inayopendekezwa na wataalamu ni kwamba mtu mpya apewe moja ya tano ya kazi ya kawaida katika joto siku ya kwanza, kisha aongezewe moja ya tano kila siku hadi siku ya tano. Mzoefu anayerejea aanze na nusu, siku ya pili asilimia 60, ya tatu 80, na ya nne arejee kazi kamili.

Nafahamu msimamizi atauliza: nani atalipa hizo tano zilizobaki? Swali hili ni la haki, na ndipo penye kiini cha mambo. Kibarua anayelipwa kwa kipande, iwe kwa urefu wa mtaro, kwa idadi ya matofali au kwa debe la kokoto, hatapumzika hata ukimjengea kivuli cha makuti na kumwekea mtungi wa maji baridi. Kila dakika ya kukaa inatoka katika chakula cha watoto wake. Kwa maoni yangu malipo ya kipande ndiyo mpango ulio hatari kuliko yote katika miezi hii, na kila kitengo kinachoweza kuuacha kati ya Januari na Machi kiuache, kilipe kwa siku, na mapumziko yahesabiwe kuwa kazi. Wakata miwa wa El Salvador na Nicaragua wametuonyesha mwisho wa njia hiyo. Tangu mwaka 2002 madaktari wa huko wameeleza maradhi ya figo yanayowaua wanaume wa umri mdogo, wasio na kisukari wala shinikizo la damu, waliotumia miaka yao kukata miwa juani kwa kasi ya malipo ya kipande. Pale ambapo waajiri walileta maji, vivuli na mapumziko ya lazima, madhara ya figo yalipungua. Sisi tuna miwa Mahonda, tuna mashamba ya chumvi Pemba, tuna wapiga kokoto Unguja na Pemba. Figo za watu wetu hazikuumbwa tofauti.

Kwa upande wa dunia nzima, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria katika ripoti ya Aprili 2024 kwamba zaidi ya wafanyakazi bilioni 2.4 hukutana na joto la kupindukia kazini, na kwamba kila mwaka watu 18,970 hufa kwa sababu hiyo. Sina haja ya kuongeza takwimu.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Kikombe kimoja kila baada ya robo saa au dakika 20 ni bora kuliko jagi zima wakati wa chakula, kwa sababu kiu huchelewa kutoa habari. Mtu asizidishe lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi mno yakipita hiyo huifanya chumvi ya damu iwe nyepesi, nayo ni hatari nyingine. Vidonge vya chumvi havihitajiki kwa mtu anayekula chakula chake cha kawaida, na kwa mla urojo ndio kabisa. Madafu ni mazuri ila yana chumvi kidogo. Anayetoka jasho kutwa nzima na akashikwa na mikakamao ya misuli, anywe maji ya chumvi na sukari yale yale tunayowapa watoto wanaoharisha. Maji yawekwe karibu na mkono wa mfanyakazi. Ndoo iliyo mita mia mbili kutoka kwenye mtaro ni pambo.

Nguo ziwe za pamba, pana na za rangi nyepesi. Vizibao vya plastiki vinavyong'ara ni vya lazima barabarani, lakini chini yake pasivaliwe nguo nzito. Kofia ya ukindu yenye ukingo mpana ina faida kuliko kofia nyingi za dukani, na haikosekani sokoni.

Yako makundi ambayo ushauri wa kubadilisha saa hauwafai, na lazima niseme hivyo wazi kwa sababu vikao vyetu huwasahau. Kina mama wa mwani hawapangi saa zao; bahari ndiyo inayowapangia. Tangu kilimo hiki kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, mkulima hushuka pwani wakati wa maji makavu ya bamvua, na katika visiwa vyetu kupwa kwa bamvua huangukia kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Hawezi kuomba maji yapwe alfajiri. Huinama katika maji yaliyopata moto, jua likiwa juu na mwanga mwingine ukimrudia kutoka kwenye maji, kisha hupanda pwani na gunia la mwani mbichi kichwani. Joto hilo hilo ndilo lililowaharibia mwani wa kotoni, uliokuwa na bei nzuri. Kwao yafaa mengine: leso na shuka viloweshwe kabla ya kuvaliwa, maji ya kunywa yapelekwe shambani kwenye mashua badala ya kuachwa nyumbani, gunia lisibebwe na mtu mmoja, na pwani pawe na banda la kivuli kabla ya njia ya kijiji. Masheha wa shehia za pwani wanaweza kuyasimamia haya bila ya kungoja fungu kutoka mjini, kwani makuti na boriti vipo.

Kundi la pili ni wanaofunga, na katika visiwa hivi hilo ni karibu kila mtu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 10 au 11. Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi. Kutoka hapo inarudi nyuma kuingia Februari, kisha Januari, na itakuwamo ndani ya kaskazi kwa miaka kadhaa, kama ilivyokuwa katikati na mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa mfululizo, mwezi ambao mfanyakazi hanywi maji mchana ndio mwezi wa joto kubwa. Hili halitaki hotuba kila mwaka, linataka ratiba. Kazi nzito ianze saa 12:30 asubuhi, mara tu kunapopambazuka, na ikome saa 5. Kazi za kivulini, za kunoa zana, kuhesabu vifaa na kuandika, ziwekwe baadaye. Kazi nzito zinazoweza kungoja zisogezwe hadi baada ya masika, wakati wa kipupwe. Watu wapewe nafasi ya kunywa maji kidogo kidogo kati ya futari na daku. Na baada ya Idi wasirudishwe kwa mkupuo, maana wakati huo wote ni wageni kwa maana niliyoieleza. Ama hukumu ya mwenye kuzidiwa na joto hali amefunga, masheikh wetu wapo na wataieleza vizuri kuliko mimi. Nisemalo mimi ni kwamba msimamizi asimwache mtu aliyezidiwa kwa kisingizio kwamba amefunga.

Nimalizie na dalili. Uchovu wa joto huja na kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu kulegea. Huyo apelekwe kivulini, alegezwe nguo, anyweshwe, asirudi kazini siku hiyo. Lakini mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akawa mkali bila ya sababu, akayumba kama mlevi, akaanguka au akatetemeka mwili mzima, huo ni ugonjwa wa joto kali, kinachoitwa kiharusi cha joto. Mwili umefika nyuzi 40 na ubongo unaungua. Tusidanganywe na ngozi. Wengi wamefundishwa kwamba lazima iwe kavu. Kwa mfanyakazi mara nyingi huwa imelowa jasho. Huku kwetu watu kama hao huambiwa wamepandwa na kifafa, au na shetani, wakafunikwa shuka na kuzungukwa na umati unaoziba upepo. Afunuliwe. Amwagiwe maji mwili mzima, ya kisima, ya bomba, yoyote yaliyopo, apepewe kwa nguvu, awekewe barafu ya wauza samaki shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asipewe kitu mdomoni ikiwa fahamu zimepungua. Gari iitwe, lakini kumpoza kuanze pale pale kabla gari haijafika, na kuendelee njiani hadi hospitali. Mgonjwa anayepozwa ndani ya nusu saa kwa kawaida huokoka. Anayesafirishwa akiwa bado wa moto anaweza kufika akiwa na figo, ini na ubongo vilivyokwisha kuharibika.

Ombi langu la mwisho kwa wakuu wa vitengo ni la karatasi. Kila mtu anayeanguka kazini katika miezi hii aandikwe katika daftari la kazi: saa aliyoanguka, kazi aliyokuwa akiifanya, alikuwa juani au kivulini, alikuwa na siku ya ngapi tangu aanze au arejee kazini, na namna anavyolipwa. Mara nyingi hospitali huandika presha au moyo, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kwamba mgonjwa alikuwa akichimba mtaro saa 8 mchana siku yake ya pili ya kibarua. Nakala ya maelezo hayo ifuatane na mgonjwa, na nakala nyingine ibaki kitengoni.